Pingamizi la Ndoa ya Peace

"Lipo!"

Mzee wa kanisa alikuwa hajamaliza hata kuuliza kama kuna pingamizi. Tangazo la ndoa ya Peace na Elius lilikuwa linasomwa Jumapili ya tatu, ya mwisho. Usharika mzima pale Makambako uligeuka kumtazama mama mgeni aliyesimama nyuma, kajifunga kitenge juu ya sweta.

Baada ya ibada wakaitwa ofisini kwa mchungaji, yeye, Peace na baba yake; Elius hakuwepo siku hiyo. Mama yule, Vestina, alikuwa ametoka Njombe na basi la alfajiri. Hakumpa mtu hata kamwene, salamu ya kwao.

"Elius anapiga wanawake," alisema. "Muulizeni Jeni aliyeishi naye. Alimvunja taya! Nimemnywesha uji kwa mrija, kitandani kwangu, mimi!"

Agustino, baba yake Peace, alicheka kwa dharau. "Elius yupi? Huyu mwanakwaya, anayewapokea wakwe mizigo?"

"Huyo huyo."

Mchungaji alikohoa. "Mama, huenda anaumwa. Upo ugonjwa wa mtu mmoja kuwa na nafsi mbili. Tumwombee, kisha apelekwe hospitali ya Ikonda akapimwe."

"Nafsi mbili!" Vestina alipiga meza. "Kila ninapokwenda naimbiwa hizo nafsi mbili! Anayeumwa haangalii nani yupo. Huyu akisikia hodi anashusha ngumi, anafuta damu sakafuni, ndipo anafungua mlango huku anacheka. Mbona hajawahi kumgusa mwanamume? Mbona hajamgusa mjumbe? Ugonjwa gani huo unaojua kuchagua? Ni mtu mmoja tu yule, na akili zake zote anazo. Msimpe jina la hospitali la kujifichia!"

Peace alikuwa kakaa pembeni. Alivuta mkono wa gauni ukafunika kiwiko.

Vestina aliona. Baba mtu hakuona.

"Wivu tu huo," Agustino alisema, akisimama. "Binti yako kaachwa, sasa unataka na wetu akose. Kijana wa watu yatima, hana baba, hana mama, kahangaika mpaka kasimama, leo unakuja kumchafua kanisani! Huna haya, mama?"

"Jeni si binti yangu. Mama yake yuko Ludewa."

Vestina alisema hayo bila kumgeukia Agustino. Alikuwa anamtazama Peace.

"Elius ndiye niliyemzaa."