Kifurushi cha Bibi wa Andoany

Kitu cha kwanza alichokiona Chamsia ni kwamba bibi yule alikuwa amekikalia kifurushi chake.

Zawadi haikaliwi. Hata yeye alilijua hilo, yeye aliyeacha shule darasa la tatu na ambaye kazi yake yote ilikuwa kufungua na kufunga mlango. Bibi alikuwa barazani, katika jua la saa nane la mji wa Mahajanga, uso umepakwa liwa nzito ya msandali kama wanawake wote wa pale, miguu imevimba kwa safari.

Chamsia alirudi ndani kumwambia Bi Roukia, mkubwa wa nyumba. Akamkuta Kouraichia amekwisha kuchungulia dirishani, ameketi sakafuni, mkono wake wenye plasta ameukumbatia kifuani.

"Ni mama yake Zoubeir, mume wangu," Kouraichia alisema. "Ametoka Andoany, kote huko kisiwani Nosy Be, kuja kunichukua."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Wanawake wote waliokimbilia nyumba ile waliijua desturi. Mke akitoroka kipigo na mume akashindwa kumrudisha kwa nguvu, haji tena mwenyewe. Humtuma mama yake na kifurushi cha nguo mpya na sukari. Kikishapokewa na mtu yeyote wa nyumba, basi mke amekubali kurudi.

"Usikiguse," Bi Roukia alimwambia Chamsia. "Hata akikuangushia miguuni, usikiinue. Sema hatumjui mtu wake. Na usiongee na vidole vya miguu yako, mwanangu. Hapo mlangoni wewe ndiye komeo letu."

Chamsia akatoka. Akaongea na vidole vya miguu yake.

"Koko," alianza, maana ndivyo Wakomoro wanavyomwita bibi, "huyo unayemtafuta hayupo hapa."

"Vizuri," alijibu bibi. "Asiwepo. Akae hukohuko asikokuwapo."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Chamsia. Wanaume waliokuja kugonga walitukana, wakapiga teke mlango, wakachoka, wakaenda zao. Huyu hakuwa na dalili ya kwenda popote.

Kesho yake alikuwepo tena, juu ya kifurushi. Alilala wapi, hakuna aliyejua. Chamsia alimpelekea maji, kwa kuwa maji hayanyimwi mtu. Bibi akanywa taratibu, akautazama mlango.

"Komeo lake liko kwa ndani?"

"Ndiyo, koko."

"Wanaume huingia humu?"

"Hapana."

"Hata fundi? Hata ndugu wa mtu?"

"Hata mmoja."

"Na usiku mnalala wangapi chumba kimoja?"

Chamsia aliyapeleka maswali hayo ndani, moja moja, kama mtu anayebeba makaa kwa mikono. Bi Roukia alivua miwani akajikanda macho.

"Anapeleleza mlango," alisema. "Ameagizwa akamwambie mwanawe pa kupitia. Ah, mie nimechoka na watu hawa. Kwanza vijana, sasa tumeletewa ajuza!"

Kouraichia hakucheka. Jioni ile alianza kukunja nguo zake kwa mkono mmoja. Alikuwa na shangazi katika kijiji cha Boanamary. Angepanda mashua asubuhi.

"Shangazi yako ana mlango?" Bi Roukia aliuliza.

"Ana pazia."

"Basi Zoubeir atakufikia kabla hujanywa chai. Kaa."

"Hamumjui yule mama," alisema Kouraichia. "Chumba chake na chetu vilitenganishwa na ubao tu. Kila Zoubeir alipoanza kunipiga, mama alifungulia redio. Nikilia sana, anaongeza sauti. Asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri." Alijaribu kufunga fundo kwa meno, likamshinda. "Akibaki pale kesho, mimi naondoka."

Chamsia alimfungia fundo. Usiku hakupata usingizi. Mkono ule ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Asubuhi alifungua mlango kabla hajaamriwa. Bibi alikuwa amesimama safari hii, kifurushi mikononi, amekinyoosha mbele.

Chamsia akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Chukua, mwanangu," alisema bibi. "Kizito."

"Sichukui."

"Niwekee ndani tu."

"Koko, nenda." Sauti ilimtoka kubwa, mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Nenda kwenu. Ulimsikia akilia na hukufungua mlango. Mimi nami sikufungulii wa kwangu. Hatumtoi!"

Bibi aliitazama mikono ile iliyofichwa, kana kwamba ni sasa tu amefahamu kwa nini siku zote hizi hakuna aliyempokea. Kifurushi kikamponyoka, kikaanguka kizingitini, fundo likafunguka.

Hapakuwa na sukari. Hapakuwa na nguo mpya. Palikuwa na kanga mbili zilizofifia, msala wa kuswalia, kopo la liwa, na redio ndogo iliyopasuliwa vipande.

"Simtaki Kouraichia," alisema bibi. Alishika ncha ya ushungi akaifuta liwa ya shavu la kushoto, polepole, mpaka rangi nyingine ikatokea chini yake. "Nataka kitanda. Zoubeir, mwanangu wa kumzaa, ananipiga."