Kadi ya Kumfungua Dada Mdomo

Fundi alipowasha skrini, mteja wake alikuwa ameipa mgongo.

"Kaka, picha ziko huku nyuma yako."

"Najua. Niko vizuri hapa." Mteja alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, uso kwa uso na dada yake, akitabasamu kama mtu anayesubiri kutekenywa. "Wewe mwoneshe dada. Kadi itakayomfungua mdomo ndiyo nitakayonunua."

"Na asipoufungua?"

"Basi tumekwisha. Nasikia nyie mkishauza hamrudishi."

"Haturudishi," fundi alikubali.

Hilo ndilo lililokuwa likimchezesha mteja mguu tangu asubuhi. Kompyuta mpya ya michezo ilikuwa tayari, kila kitu kimeshachaguliwa, imebaki kadi ya grafiki tu, ile inayochora picha zote za mchezo. Akiba yake ya miaka miwili ya kazi ya opareta wa simu ilitosha kadi moja. Akikosea, amekosea.

Na dada hakuwa mtu wa kufunguka. Alikuwa muuguzi, na miaka ishirini ya kujaza daftari la wodi ilikuwa imemkausha ulimi. Mgonjwa kala. Mgonjwa kalala. Hata siku ya harusi yake, alipoombwa aseme neno, alisema "ahsanteni", akakaa.

Kila Jumamosi alasiri walicheza pamoja mchezo wa kuteka ngome. Dada alishika vitufe, mdogo wake alitoa amri. Na kila Jumamosi walipigwa.

"Wametuua," dada angesema.

"Nani?"

"Wale."

"Wametokea wapi?"

"Kule."

Jenerali gani atashinda vita kwa taarifa kama hizo? Dada alijitetea kwamba kompyuta yao kuukuu ilionyesha kila kitu kama uji, na uji hauna cha kusimulia. Ndipo mdogo wake alipoanza kuweka akiba.

Fundi akachomeka kadi ya kwanza, ndogo. Feni yake ilivuma kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa. Vitufe vikabofywa.

"Haya, dada?"

"Kuna mto."

"Na nini tena?"

"Mti."

Mteja akapunga mkono. "Toa hiyo, fundi."

Ya pili ilichukua muda kufungwa, na muda wote huo fundi aliisifia kumbukumbu yake na kasi yake, mpaka dada akakohoa kikohozi cha wodini, kile cha kuwatoa wageni saa ya kutazama wagonjwa ikiisha. Fundi akaiwasha. Vitufe vikabofywa.

"Mto mzuri," dada alisema.

"Umesikia? Umeongezeka uzuri." Mteja akacheka mpaka kiti kikazunguka kidogo. "Tunakaribia, fundi. Kwa dada hiyo ni hotuba."

"Usinitanie. Nimeacha nguo kwenye kamba."

Ya tatu ilikuwa kubwa. Fundi alimpa mteja aishike kwanza, naye akaipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kichanga, akapitisha kidole gumba juu ya feni zake tatu, akairudisha kwa heshima. Ilipowashwa haikuvuma. Ilipumua tu.

Dada akawa kimya.

Akawa kimya mpaka fundi akaanza kupangapanga bisibisi zake. Mguu wa mteja ukaacha kucheza. Miaka miwili, aliwaza, na sasa hata mto haupo.

"Kuna bata," dada alisema kwa sauti ya chini.

"Bata gani?"

"Katoka majini sasa hivi. Anajikung'uta. Matone yameruka, moja limetua juu ya jani, jani limeinama. Limeinuka tena. Subiri. Kuna mlinzi pale darajani, kasinzia. Ana jipu shingoni, maskini, lile lilitakiwa kutumbuliwa wiki iliyopita. Na kifungo cha shati lake kimeshonwa kwa uzi mwekundu, shati lenyewe kijivu. Sijui nani kamshonea vibaya hivyo. Nyuma yake ukuta una ufa, kwenye ufa kuna mjusi, na mjusi ananitazama mimi."

"Ufa unapitisha mtu?"

"Akijikunja."

"Jikunje, dada."

Dada akajikunja, huku anasema. Akapanda ngazi za ngome, huku anasema. Alipovamiwa alisema ni watatu, wawili kushoto nyuma ya pipa, wa tatu anachechemea mguu wa kulia, huyo asiwe na wasiwasi naye. Mdogo wake alitoa amri huku machozi yakimtoka kwa kicheko, na fundi, aliyekuwa amesahau kuwa yuko kazini, akapiga meza kwa bisibisi.

"Tumeiteka," dada alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeyaamini macho yake. "Tumeteka ngome. Bendera yao inashuka. Ina kiraka."

"Niifunge hiyo?" fundi aliuliza.

"Ifunge upesi, kabla hajanyamaza."

Lakini dada hakunyamaza. Malipo yakafanyika, kadi ikafungwa, kompyuta ikaingia kwenye boksi, naye bado anaendelea, safari hii na duka lenyewe: fundi ana kipande cha waya kwenye ndevu, soksi zake hazifanani, na dirishani kuna nzi anayesugua mikono kama mpanga njama. Fundi akaficha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Endelea tu, dada," mteja alisema. Akasimama, akaikunjua fimbo yake nyeupe, akamshika dada kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wao akaambiwa mlango anaoupita una rangi gani.