Mtarakwa wa Hidaya

Kila mtoto aliyezaliwa Lushoto alioteshewa mtarakwa chunguni kwa damu ya kitovu chake, na mti ule ndio uliokuwa moyo wake. Ukinyauka, mtoto anaumwa. Ukirefuka kwenda juu, naye anatamani kwenda mbali. Wazazi waliruhusiwa kuumwagilia tu, basi.

Lakini Hidaya alipoanza kusema atakwenda kusomea urubani mwezini, miaka saba, mama yake Mwanahawa alinunua waya wa shaba. Akauviringisha kwenye mti wa binti yake, akauvuta kidogo kidogo kila Ijumaa, mpaka ncha ikaning'inia chini ya chungu kama maji yanayoporomoka. Wageni waliusifu.

"Umeinama wenyewe," aliwajibu, bila kuwatazama usoni.

Barua ya chuo ilipofika, Hidaya aliisoma, akaikunja.

"Sitakwenda, Mama."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Wala sijui. Hamu imeniisha tu. Nipe mchele nikaupepete."

Binti alipotoka kwenda uani na ungo, Mwanahawa alichukua koleo, akaukata waya wote kipande kwa kipande. Kisha akaiachia ncha ijiinukie.

Haikuinuka. Mti ulikuwa umeshakomaa hivyo hivyo, na alama za waya zimezama kwenye gome. Akausukuma juu kwa kiganja. Ukarudi chini taratibu.

Huko uani, Hidaya alikuwa ameinamia ungo, anaimba.