Tangazo la Hewa Safi

Barua ya tume ya kulinda walaji ilifika redioni asubuhi. Ilisema kwamba shirika moja la ndege limeshindwa kuthibitisha kwamba safari zake hazichafui hewa, hivyo tangazo lake lifutwe leo. Shebughe, fundi mitambo, aliisoma mara mbili. Sauti ya tangazo lile ilikuwa ya marehemu mkewe, na hakuwa na rekodi nyingine ya sauti hiyo.

"Pole, kaka," mkurugenzi alimwambia. "Lakini maneno yale ni uongo."

"Hata yeye alijua. Alisita kabla ya kusoma."

Alipobaki peke yake alivaa hedifoni, akalikata tangazo neno baada ya neno, mpaka ikabaki pumzi aliyoivuta mkewe kabla ya kusema. Hiyo akaihifadhi. Akaicheza. Pumzi ikavutwa, naye akangoja.