Rangi Nyuma ya Sikio

"Jeni hii ya dada yako hurithiwa," daktari alisema. "Huua uboho polepole, na mara nyingi huanza kujionyesha kwa mvi za ujanani. Mwenye nayo hafai kumtolea mgonjwa uboho. Wewe una mvi?"

"Sina hata moja," alijibu mdogo wa mgonjwa, seremala wa miaka ishirini na sita, kofia imemshuka hadi masikioni.

"Ndivyo alivyoapa utotoni kuwa hajalamba sukari, na mdomo umejaa," dada yake alisema kutoka kitandani.

"Dada, tafadhali. Utakufa."

Dada akanyoosha mkono wenye dripu, akamvua kofia. Nywele zilikuwa nyeusi ti. Kwenye mashina tu, upana wa punje ya mchele, zilikuwa nyeupe.

Akamfuta kwa kidole rangi iliyobaki nyuma ya sikio.

"Daktari," alisema, "mpimeni mdogo wangu."