Akiba ya Ubavuni

Madoido aliigeuza blauzi ya zambarau ndani nje, akaipeleka dirishani na kuikazia macho. Ubavuni palikuwa na mstari mzima wa vitundu vitupu vya sindano, pale mshono wa zamani ulipokuwa. Mshono mpya ulikuwa umeingia ndani kwa upana wa kidole. Tena ulishonwa kwa mkono, kwa uzi wa kahawia.

"Kaipunguza," alinong'ona. "Kaipunguza imtoshe yeye!"

Yeye, yaani wifi, mdogo wa mume wake, aliyehamia kwao miezi minne iliyopita, eti kuwasaidia kazi za nyumbani. Mwembamba, mpole kupita kiasi, na alisomea ushonaji. Ushahidi gani tena?

Kabatini mlikuwa na blauzi tisa za sari na sari hata moja hamna. Madoido alizivaa na jinzi, na sketi ndefu za marinda, na suruali pana za kitani huku shati jeupe likiachwa wazi juu yake. Ofisini ndiko walikompa jina hilo la Madoido, na hakulikataa. Blauzi ya sari haina mzaha: isipokukaa sawasawa inaonekana ya kuazima. Ndiyo maana fundi huacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, ili mwili ukibadilika, nguo ibadilike nao.

Nguo ya kupwaya hakutaka hata kuiona. Mama yake, mwaka wake wa mwisho, aliambiwa na nguo zake kwamba anaumwa kabla daktari hajamwambia. Alijilaza, akageukia ukutani, hakuinuka tena. "Mimi siku nguo zikinipwaya, nitajua nimekwisha," Madoido alizoea kusema, na mume wake alikuwa akikasirika kila alipolisikia neno hilo.

Alizigeuza zote. Zote zilikuwa na vitundu, zote uzi wa kahawia.

Aliivaa ya zambarau kwa hasira. Ilimkaa vizuri. Hapo hasira ikapoa kidogo, maana alijipongeza kimoyomoyo: kumbe hata kipimo cha yule msichana kinanitosha! Alitamani kujitazama mzimamzima, lakini kioo kirefu cha chumbani kilivunjika mwezi juzi. Nani alikivunja? Wifi, akifagia. Eti.

"Wifi, umekula?" Sauti ilitoka jikoni.

"Nimekula."

"Ongeza kidogo basi. Nimekuwekea."

Kila siku ongeza kidogo, ongeza kidogo. Madoido alishaujua mchezo: anenepe, blauzi zimkatae, mwenzake azirithi bila jasho. Na pete je? Pete ya ndoa ilipotea wiki iliyopita, na aliyeiona alikuwa nani?

"Nimeikuta kwenye ndoo ya kufulia, wifi," alisema siku ile, akiikabidhi bila kumtazama usoni.

Mtu mwenye moyo safi hukwepa macho ya mwenzake? Madoido alikuwa ameamua. Jumapili angemkalisha mume wake chini amwambie wazi: dada yako au mimi. Miaka kumi na miwili ya ndoa ingesimama au ingeanguka siku hiyo. Lakini mume huyo alimpenda mno dada yake, hivyo ushahidi ulihitaji shahidi.

Alitia blauzi tatu kwenye mfuko, aende nazo kwa fundi wake. Mlangoni alipishana na mume wake, fundi umeme, vidole viwili vimefungwa plasta kama kawaida yake.

"Unakwenda wapi na jua hili? Si ungepumzika?"

"Nimechoka kupumzika," alijibu, akapita.

Kibandani kwake, mzee fundi aliisimamisha cherehani, akavaa miwani, akaupitisha mshono wa kahawia kati ya vidole vyake.

"Mkono huu naujua," alisema. "Niliufundisha mimi."

"Nilijua! Wifi yangu!"

"Wifi yako anashona vizuri. Huyu hajui. Ni mwanamume, mwanangu. Alikuja hapa siku nne mfululizo, anajichoma tu, subana ya kukinga sindano hataki kuvaa kidoleni. Anasema inamzuia."

Kumbe wako wawili! Kaka anashona, dada anavaa, na yeye kama mjinga analishwa na kuambiwa apumzike.

"Mzee, ile ya kijani niliyoleta ubadilishe kulabu, bado unayo?"

"Ipo. Miezi mitano iko palepale, hajaigusa mtu."

"Nipe. Nataka ulione umbo langu lenyewe, na hizi walizoharibu. Ukaseme mbele yao."

Mzee alimpa.

Nyuma ya pazia palikuwa na kioo kirefu, kutoka sakafuni hadi dari. Madoido aliivaa ya kijani, akafunga kulabu zote sita bila kuvuta pumzi. Aliposhusha mikono, bega la kulia liliteremka lenyewe. Kisha la kushoto. Alikusanya kitambaa mgongoni kwa ngumi, na ngumi ilijaa. Alisimama mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alimwona mama yake wa mwaka ule wa mwisho.

Nje, cherehani haikulia.

"Mwanangu?"

Alivua, akaikunja ile blauzi polepole, akavaa ya zambarau iliyomkaa vizuri. Alipotoka aliiweka ya kijani mezani.

"Hii baki nayo," alisema. "Na mume wangu akirudi, mlazimishe avae subana. Lakini usimwambie kwamba nilifika hapa."