Kikohozi cha Kasuku

Bi Saumu alimwachia kasuku wake bakuli la karanga na bakuli la maji, akafunga mlango, akaondoka alfajiri bila kumuaga jirani. Alikuwa anakwenda kwa bintiye, Mwatumu, kumwona mjukuu. Siku mbili tu. Huko alikaa na karafuu chini ya ulimi, na kila kifua kilipombana alitoka uani akajifanya anaanua nguo.

Siku ya kurudi, Mwatumu alimsindikiza mpaka kwake, hadi mlangoni, amembebea mkoba. Wakakutana na jirani, Mama Tunu, anakuja na kikombe cha uji.

"Kumbe ulitoka!" Mama Tunu akashangaa. "Mbona tangu jana twakusikia ukikohoa humo ndani, na tukigonga hufungui? Nikasema leo kifua kimemzidia."

"Kifua gani?" Mwatumu akauliza.

"Si hicho hicho cha tangu Ramadhani."

Bi Saumu hakugeuka. Alikuwa akihangaika na ufunguo, nao unagoma kuingia.

Kule ndani, kasuku akausikia ufunguo. Akaanza kukohoa, kikohozi kirefu, kikavu, cha kuvuta pumzi kwa shida. Akatulia. Kisha, kwa sauti ya Bi Saumu, ile ile anayoipokelea simu, akasema taratibu:

"Sijambo, mwanangu. Sijambo kabisa."

Mwatumu aliweka mkoba chini. Akakipokea kile kikombe kwa mikono miwili, akabaki amekishika, mvuke ukimpanda usoni.